Tazama Mshale Kabla Hujalaumu Boksi

Nimesikia tena fundi akimwagiwa sifa asizostahili. Gari ni IST. Inabadilisha gia bila kelele, ila ikishaingia ya tatu inakuwa nzito, unakanyaga mafuta na haichanganyi. Fundi kafunga boksi ya gia ya mtumba, mwenye gari kalipa, kijiwe kizima kinamwita mtaalamu. Gari bado nzito. Ati boksi "inazoea". Boksi haizoei injini iliyokosa pumzi!

Fundi wa magari ya oto mpime kwa macho yake barabarani. Bingwa anakuachia usukani, anakaa kushoto na kuukodolea mshale wa rpm. Anachosubiri ni nukta ile gia inapoingia. Ukitoka ya pili kwenda ya tatu ukiwa kwenye 3,000, mshale unatakiwa kushuka karibu na 2,000, utulie, kisha upande pamoja na spidi. Mshale ukiruka juu huku spidi imebaki palepale, klachi za ndani zinateleza. Hapo ishitaki boksi. Lakini ukishuka vizuri, ukashikana na spidi, vikapanda pamoja kwa kusuasua, boksi imeshamaliza kazi yake. Tafuta kwenye plagi, koili, pampu ya mafuta, ea klina, au masega ya ekzosi yaliyoziba. Koili mbovu huumbuka papo hapo mshale ulipoangukia: mizunguko michache, mzigo mkubwa, silinda imejaa hewa, na cheche inahitaji umeme mwingi ili iruke. Injini inakohoa, na asiyejua anaapa kwamba gia inapiga teke.

Kulikuwa na fundi mzee mmoja mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye hakushika spana kabla ya kupandishwa kilima, redio imezimwa. (Fundi anayejaribu gari redio ikiimba si fundi, na sitaki mjadala.) Aliletewa Noah iliyokwisha kuhukumiwa kubadilishwa boksi. Akarudi nayo, akachomoa koili moja, akaigeuza juani. Ubavuni mwa mpira wake kulikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele, njia ambayo umeme ulikuwa unatorokea. Akabadilisha hiyo koili na plagi zake, basi.

Matapeli nao wana ufundi wao. Mmoja anachomoa terminali ya betri, kompyuta inasahau iliyojifunza, gari linapendeza siku mbili, wewe umeshalipa. Mwingine anakata masega na kuondoka nayo, maana ndani mna platinamu na paladiamu, na wanunuzi hawakosekani. Asiyekurudishia masega yako ni mwizi.

Oili ya boksi pima injini ikiwa ya moto na inanguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Ikinuka kuungua, jiandae. Wekundu wake usikudanganye: oili za T-IV na WS zote nyekundu, na hazibadilishani.

Corolla za oto za miaka ya 1990 zilikuwa na waya kutoka throto hadi boksi. Mafundi wa wakati ule waligeuza nati kidogo, wakaenda kujaribu, wakarudi, wakageuza tena, hadi gia ikaingia abiria asijue. Siku hizi wanachomeka mashine, isipoonyesha hitilafu wanakwambia gari ni zima. Na koili inayochoka taratibu inaweza kukutesa muda mrefu kabla taa ya injini haijawaka.