Umilisi au Upekuzi wa Kamusi?

Mfasiri akutanaye na cheti cha mtihani wa Kiingereza wa wataalamu wa China hushawishika kuuita “mtihani wa umilisi”. Istilahi hiyo haifai. Mtihani huo ulianza kufanywa nchi nzima mwaka 1999, kwa madaraja A, B na C, na kwa kawaida daktari au mhandisi aliyetaka kupanda cheo cha kitaaluma alipaswa kufaulu kwanza. Lakini ulipima nini? Hapakuwa na kusikiliza, kusema wala kutunga. Mtahiniwa alichagua majibu tu, tena aliruhusiwa kuingia na kamusi yake. Alipoulizwa neno lenye maana iliyo karibu na lile lililopigiwa mstari, alipekua. Basi maandalizi yakawa kujizoeza kupekua upesi (kazi hiyo nayo ina ustadi wake, hatukatai). Umilisi ni kuimiliki lugha hata ikutii usemapo. Kwa mwongozo wa mwaka 2016, Serikali ya China iliacha kuufanya sharti la wote, lakini vyeti vingalipo. Yafaa tuandike “mtihani wa kusoma Kiingereza kwa ajili ya cheo”. Jina ni refu, ila halimdanganyi mwajiri.