Heko Majaji wa Rufani

Tangu mwaka 1979, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ndiyo ngazi ya mwisho ya mdai haki, Bara na Zanzibar. Kwa kawaida majaji watatu huketi pamoja, nao hufunga safari za vikao hadi Mwanza, Arusha na Mbeya kuwafuata wananchi. Mgogoro wa shamba, hukumu ya mauaji, mfanyakazi aliyeachishwa kazi: kumbukumbu za mahakama ya chini hupitiwa kwa makini, ingawa rufani za kazi huishia kwenye hoja za kisheria tu. Mfungwa asiye na wakili hukabidhi notisi yake kwa mkuu wa gereza, na rufani yake husikilizwa. Kisha sababu za uamuzi huandikwa, kila mtu azisome. Waheshimiwa, hongereni sana. Kazi yenu inatulinda sote.