"Vipimo vya Ziada": Je, Ni Ziada?

Miongoni mwa istilahi zitumikazo katika maabara za hospitali, "vipimo vya ziada" yastahili kuhakikiwa upya. Huitwa hivyo vipimo vifanywavyo juu ya sampuli iliyochukuliwa mwilini kwa sindano, baada ya mtaalamu kuitazama kwa hadubini (ambayo wengi wetu bado twaiita darubini, kana kwamba twatazama nyota) na kuona kuwa umbo la seli peke yake halitoshi kukata shauri.

Kosa limo katika neno "ziada". Ziada ni kile kinachozidi haja. Mtu akikikosa hapungukiwi kitu. Mgonjwa aambiwaye alipie kipimo cha ziada ana haki ya kuuliza kwa nini asikiache, na wapo wanaokiacha. Lakini tutazame kazi ya vipimo hivyo. Tezi ya shingoni iliyovimba yaweza kuwa na kifua kikuu, au saratani. Sampuli ikitiwa rangi kwa njia ya Ziehl-Neelsen, bakteria wa kifua kikuu huonekana wekundu, ijapokuwa kutoonekana kwao si uthibitisho kwamba hawamo. Katika saratani ya titi, kingamwili hutumiwa kutafuta vipokezi vya estrojeni. Visipopatikana, dawa ya tamoksifeni haitarajiwi kumfaa mgonjwa. Bila kipimo hicho daktari huchagua dawa kwa kubahatisha. Kwa maoni yetu vyafaa viitwe "vipimo kamilishi", kwani pale vinapohitajiwa utambuzi haujakamilika mpaka vifanywe.

Istilahi "biopsi ya sindano" nayo ina utata. Kwa msemaji wa kawaida, kudungwa sindano ni kutiwa dawa, hali hapa kitu kinatolewa. Zaidi ya hayo, inaficha njia mbili. Sindano nyembamba hufyonza seli, zikatandazwa juu ya kioo. Sindano nene hukata kipande cha tishu chembamba kama uzi, ambacho mpangilio wa seli zake haujavurugika. Kwa kawaida kipande hicho hugandishwa ndani ya nta, kikaweza kukatwa vipande vyembamba tena na tena kwa ajili ya vipimo vya baadaye. Njia iliyotumika ndiyo huamua mara nyingi ni vipimo gani vitawezekana. Basi tuwe na "ufyonzaji wa seli" na "ukataji wa tishu", kila moja kwa jina lake.

Hatukubaliani pia na "kupaka rangi". Ukuta hupakwa, ukindu hutiwa. Rangi ya maabara haikai juu juu, bali huingia katika sehemu zinazoipokea na kuziacha nyingine, na ni katika tofauti hiyo mtaalamu hupata habari zake. Wasusi wa mikeka husema "kutia rangi", nao ndio walio sahihi.

Juu ya "kingamwili" hatuna ugomvi. Limeundwa vizuri, limekubalika, liachwe lilivyo.