Gĩcaandĩ na Mizani ya Kiswahili

Mhakiki aliyelelewa na utenzi na shairi la mwambao, akutanapo na gĩcaandĩ ya Wagikuyu, huenda akaanza kwa kuhesabu mizani. Hapo huwa amekwisha potea njia. Gĩcaandĩ ni jina la kibuyu, na pia ni jina la utungo uimbwao nacho. Kibuyu hicho hutiwa mbegu kikatikiswa kama manyanga, na juu yake huchongwa alama zinazomkumbusha mwimbaji mafumbo yake. Waimbaji wawili hukabiliana hadharani: mmoja afumba, mwenziwe afumbua kwa wimbo, kisha naye afumba. Ashindwaye hunyang'anywa kibuyu.

Basi kiini cha fani hii si mshororo bali ni jibu. Ulinganishi ungefaa uanzie kwenye malumbano ya washairi wa Mvita na Lamu, ingawa mshairi anayejibu kwa karatasi ana usiku mzima wa kufikiri. Mwimba gĩcaandĩ hana.

Liko pia suala la toni. Katika Kigikuyu, kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kugeuza maana ya neno, ilhali maandishi ya kawaida, yanayotenga vokali saba kwa uangalifu, hayaonyeshi toni hata kidogo. Tena lafudhi ya Gaaki, yaani Nyeri, isikikayo Wamagana na kote Tetu, si ile ya Kabete upande wa Kiambu, wala si ya Ndia na Gĩchũgũ huko Kirinyaga. Fumbo lililosimama juu ya neno la mgongo mmoja laweza kulegea likivuka mito miwili tu.

Mkusanyo wa Vittorio Merlo Pick, Ndaĩ na Gĩcaandĩ (1973), ni hazina. Hata hivyo kitabu hakiimbi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), alimfanya mwimba gĩcaandĩ kuwa msimulizi. Uteuzi huo ni wa kijasiri, lakini una gharama yake: mwimbaji huyo hana mpinzani. Katika Shetani Msalabani (1982) hata toni imekwisha ondoka. Kimani Njogu, katika uchambuzi wake wa mwaka 2004, ndiye aliyeyarudisha majibizano mahali pake.

Mfasiri wa Kiswahili angefanya vyema kuzichapa sauti mbili katika safu mbili, na kutaja kila mwimbaji ni wa mgongo upi, kabla ya kuhesabu silabi hata moja.