Kizoleo cha Mbwa Hupimwa Chooni

Vifaa vya mkononi vya kuzolea kinyesi cha mbwa, vile vya plastiki vyenye taya mbili zinazofunguka na kufumba kwa springi, vimebuniwa kwa ajili ya mji wenye lori la taka. Mwenye mbwa hutembea naye akiwa kwenye kamba. Mbwa hujisaidia kando ya lami au kwenye nyasi fupi za bustani. Taya zilizovikwa mfuko hukinyakua kinyesi, mfuko hufungwa fundo na kutupwa kwenye pipa, na kazi iliyobaki ni ya manispaa. Jiji la New York lilipoanza kuwabana wenye mbwa kwa sheria tarehe 1 Agosti 1978, vifaa vya namna hii vilipata mahali pa kufanyia kazi kwa sababu mapipa, lami na malori yalikuwapo tayari.

Sasa kilete kifaa hicho Nyololo, wilayani Mufindi, pale barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapopita kati ya Mafinga na Makambako na kuachana na ile ya kwenda Igowole, Kibao na Mgololo. Mbwa wa hapa ni mlinzi. Usiku yuko uani, mchana anazunguka anakotaka, na hajisaidii kwa saa wala kwa njia inayojulikana. Utakuta kinyesi chake pembezoni mwa ua uliofagiliwa, nyuma ya banda la kuni, katikati ya mistari ya mahindi. Hakuna lori linalopita nyumba kwa nyumba vijijini. Na mfuko wenyewe una habari yake: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019, Kenya ikiwa imetangulia tarehe 28 Agosti 2017. Plastiki za kufungashia bado zipo, lakini kinyesi kilichofungwa ndani ya plastiki na kutupwa kichakani hakiozi vizuri, na mbuzi anayepita akiila ile plastiki, hasara inakuwa ya mwenye mbuzi.

Kwa hiyo mtu anayetaka kutengeneza kizoleo cha kufaa nyanda hizi asianze na mdomo wa kifaa. Aanze na mahali kinyesi kinapokwenda kuishia, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye mkono. Mahali hapo karibu kila kaya inapo: ni choo cha shimo. Hapo ndipo vipimo vyote vinapotoka, na naamini ndipo wabunifu wengi wanapopitwa.

Kabla ya vipimo, tuangalie adui, kwa sababu tabia yake ndiyo inayoamua umbo la chombo. Minyoo duara ya mbwa, ambayo wataalamu huiita Toxocara canis, hutoka kwenye kinyesi ikiwa mayai yasiyoweza kumwambukiza mtu siku hiyo. Yanahitaji kukaa kwenye udongo wiki mbili au zaidi ndipo kiluwiluwi cha ndani kikomae, na kwenye baridi yanachelewa zaidi. Yakishakomaa yanaweza kudumu udongoni kwa miaka. Safura ya mbwa ni ya haraka zaidi: penye unyevu na joto, viluwiluwi huwa tayari kwa siku chache tu, nao hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Baridi ya Mufindi hutusaidia kidogo kwa safura, lakini unyevu na ukungu wake huyahifadhi mayai ya Toxocara yasikauke.

Hapo pana mambo mawili ya kiufundi. La kwanza, kuzoa kila siku kunamshinda Toxocara kabla hajawa na nguvu, mradi kinyesi kisitawanyike. Na kijijini kinatawanywa upesi: kuku huchakura, mvua ya Januari husukuma, mfagiaji wa asubuhi husambaza uani kote bila kujua. La pili ni zito zaidi na halitajwi kwenye maboksi ya vifaa vya dukani. Mabaki madogo yanayoganda kwenye bawaba, kwenye springi na kwenye mifereji ya taya yanakaa humo wiki mbili, yanapata unyevu na kivuli, na yanakomaa. Chombo kilichonunuliwa kumkinga mtoto kinageuka kitalu cha mayai kinachoning'inia stoo, na mtoto ndiye anayetumwa kukichukua.

Ndiyo maana nasimama upande wa chombo kisicho na bawaba hata moja.

Taya za springi zina kasoro nyingine zinazoonekana haraka kwenye udongo wetu. Springi lazima iwe laini kiasi cha kidole kuishinda, na ngumu kiasi cha taya kushika. Kwa kinyesi kikavu cha mbwa anayelishwa chakula cha viwandani, mizani hiyo inapatikana. Mbwa wa Nyololo anakula ugali na makombo, na kinyesi chake huwa laini na kingi. Taya zikifumba zinakikamua pembeni. Juu ya udongo mwekundu uliokanyagwa hadi ukawa mgumu, meno ya plastiki yanateleza juu bila kuingia chini ya kinyesi, na kwenye majani marefu yanang'ata majani. Plastiki ikiachwa juani msimu mmoja wa kiangazi inaanza kupasuka.

Kinachofaa ni jozi ya vipande viwili: kizoleo chenye mpini mrefu kwa mkono mmoja, na kikwangulio kwa mkono wa pili. Kikwangulio kinasukuma, kizoleo kinapokea. Hakuna kinachofumba, hakuna kinachojificha, na kila upande wa chuma unaonekana kwa jicho na kufikiwa na maji.

Tundu la choo cha shimo hufanywa jembamba makusudi, sentimeta 15 hadi 20 hivi, ili mtoto asitumbukie. Kizoleo cha kawaida cha kufagilia nyumba kina mdomo mpana kuliko hapo. Ukikimimina, robo ya mzigo inaangukia kwenye sakafu ya choo, na umehamisha uchafu kutoka uani kwenda mahali familia nzima inapoweka miguu. Kwa hiyo mdomo uwe wa sentimeta 14, na ujazo unaopotea kwa wembamba urudishwe kwa urefu: sentimeta 22 kutoka mdomoni hadi ukuta wa nyuma, na kuta za sentimeta 8. Mbwa wa wastani, kwa hesabu inayotumika sana Marekani, hutoa kama gramu 340 kwa siku. Kizoleo cha vipimo hivyo kinachukua mzigo wa mbwa wawili kwa safari moja bila kujaa hadi ukingoni. Pima tundu la choo chako kwanza, kisha ndipo fundi akate bati.

Mpini nao unaamuliwa na choo. Urefu wa sentimeta 80 unamtosha mtu mzima asiiname. Swali ni pembe. Mafundi wengi watausimamisha wima juu ya ukuta wa nyuma, na uani utafanya kazi vizuri kabisa. Lakini ili kinyesi kiteleze kutoka kwenye bati lazima kizoleo kiinamishwe kama nyuzi 60, na mpini uliokuwa wima utalala mbele kwa nyuzi hizo hizo: ncha yake itatangulia karibu sentimeta 69. Ndani ya choo chembamba, ncha hiyo inagonga ukuta wa nyuma kabla mzigo haujamwagika, na mtu anaanza kukipindisha chombo kwa ubavu juu ya tundu. Mpini ukilazwa kuelekea kwa mshikaji kwa nyuzi 30 wakati kizoleo kiko sawa na ardhi, basi wakati wa kumwaga utatangulia sentimeta 40 tu. Tofauti hiyo ndogo ya kukunja kishikio ndiyo inayofanya kazi iwe safi au iwe karaha. Na hakuna gharama ya ziada. Ni suala la fundi kuambiwa mapema.

Utengenezaji wenyewe uko ndani ya uwezo wa fundi bati yeyote wa barabarani anayetengeneza makarai, mifereji ya mvua na majiko. Bati liwe la kunyooka, si la mgongo, na liwe la geji 28 badala ya 30. Namba ikipanda bati linapungua unene, na la geji 30 hujikunja mdomoni likikutana na jiwe. Kizoleo kikunjwe kutoka kipande kimoja, pembe za nyuma zikikunjiwa nje na kufungwa kwa ribiti juu kabisa, mahali kinyesi hakifiki. Lehemu sehemu ya chini sioni haja yake: mshono usiokuwapo hauvuji wala hauoti kutu. Kingo za kuta zikunjiwe waya ndani, kama zinavyofanywa za karai, ili zisikate vidole na zisiyumbe. Mdomo ukunjwe mara moja kwenda chini na kugongwa hadi ulale bapa. Hapa fundi asiwe na haraka, kwa sababu mkunjo ulioachwa na tumbo utakuwa ngazi, na kinyesi kitasukumwa dhidi ya ngazi badala ya kupanda juu yake.

Mpini wa mti una faida Mufindi na Njombe kwa kuwa miwati ipo tele, ni migumu na huchongeka. Mti hunywa maji, basi uishie juu ya ukuta wa nyuma, usishuke hadi sakafu ya kizoleo. Kikwangulio napendekeza kitokane na jembe lililochakaa. Chuma chake ni kizuri kuliko bati lolote utakalonunua, na fundi anakikata kwa tindo kipande cha sentimeta 12, upande mmoja mnyoofu kwa ajili ya ua uliofagiliwa, upande wa pili ukiwa na meno machache kwa ajili ya majani. Kichomelewe kwenye nondo nyembamba ya urefu uleule wa mpini.

Kwenye matumizi, jambo linaloleta tofauti kubwa ni jivu. Kabla ya kuzoa, nyunyiza konzi ya jivu la mekoni ndani ya kizoleo. Kinyesi kinakaa juu ya jivu, si juu ya bati, na kikiinamishwa kinaondoka chote. Jivu pia hupunguza harufu na nzi. Lisidhaniwe kuwa linaua mayai ya minyoo. Mayai haya yana ganda gumu, na jivu la jikoni haliyawezi. Kizoleo kisuuzwe palepale juu ya tundu kwa maji kidogo, kisioshwe bombani, kisha kitundikwe juani mdomo ukitazama chini.

Kwa kuwa tuko kwenye nchi ya mbao, mtu atauliza kuhusu kugeuza kinyesi hiki kuwa mboji kwa kutumia unga wa mbao, ambao viwanda vya kupasua magogo vinavyolishwa na msitu wa Sao Hill huutoa kwa marundo. Jambo hilo limefanyika kwingine. Huko Fairbanks, Alaska, wafugaji wa mbwa wanaovuta sileji walichanganya sehemu mbili za kinyesi na sehemu moja ya unga wa mbao, wakageuza rundo kila lilipopoa, na rundo likapanda hadi nyuzi joto 60 na zaidi za Selsiasi, joto linaloweza kuua mayai ya minyoo duara. Ila wao wana makundi ya mbwa. Mbwa wawili wa nyumbani hutoa chini ya kilo tano kwa wiki, na rundo dogo hivyo hupoteza joto kwa ubavu kabla halijakusanyika. Kikundi cha walinzi wenye mbwa wengi, au shamba kubwa la chai, wangeweza kujaribu. Kaya ya kawaida isithubutu kuipelekea bustani ya mchicha mboji ya kinyesi cha mbwa wawili.

Kuna mdudu mmoja ambaye kizoleo hiki hakimuwezi. Tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus, hutoa mayai yenye uwezo wa kuambukiza tangu dakika yanapotoka, na huleta uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu ya binadamu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilipata kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na shirika la AMREF lilipoanza kampeni huko miaka ya 1980 lilielekeza nguvu kwenye dawa ya minyoo kwa mbwa, kupunguza idadi yao na kuelimisha watu. Mbwa humpata tegu huyo kwa kula mapafu na maini mabichi yenye malengelenge. Kwa hiyo mchinjaji anayemrushia mbwa ini lililokataliwa anavunja kwa dakika moja kazi ambayo kizoleo kimefanya mwezi mzima. Maini hayo yachemshwe au yatupwe kwenye shimo lilelile la choo.

Yote haya yanahusu mbwa mwenye kwao. Pale njia panda, ambapo mabasi na malori ya Zambia husimama na moshi wa nyama ya kuchoma haukatiki, wapo mbwa wanaoishi kwa mifupa ya wasafiri na hawana ua wala choo. Kizoleo kimoja cha bati na kikwangulio kimoja vinatosha kuhudumia stendi nzima. Kinachokosekana ni shimo lililo karibu, pamoja na mtu anayelipwa kulifikia kila asubuhi. Hilo ni la serikali ya kijiji kuliweka kwenye ajenda ya mkutano wake pamoja na ushuru inaoutoza kwa wauza nyama.