Mchapaji wa Steshenari

Malinyi ni wilaya ya mpunga, na mashamba ya mpunga hukodishwa. Msimu unapokaribia, watu huja kutoka Ngoheranga au Mtimbira na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, wakaingia steshenari: "Dada, naomba unichapie mkataba." Wengi huiona kazi inayofuata kuwa ni kubonyeza vitufe tu. Mimi nauita ufundi, tena wa dhamana.

Mtazame mchapaji anavyofanya. Hakimbilii kuchapa, anauliza kwanza. Ekari ngapi? Kaskazini mnapakana na nani? Fedha imetolewa yote au nusu? Kisha anafungua mkataba wa zamani na kuuhifadhi kwa jina jipya. Hapo ndipo uzembe hupata nafasi. Mwenye haraka ataiamuru programu ibadilishe kila "Ali" kuwa "Juma", nayo itatii: serikali ya kijiji itageuka "serikJuma", mali itakuwa "mJuma". Aliye makini huiagiza itafute neno zima. Akipanga masharti kwa (a), (b), (c), ile ya tatu hugeuka alama ya hakimiliki, naye huirudisha. Na karibu kila neno hupigiwa mstari mwekundu, kwa kuwa programu imewekewa Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi, Jambo OpenOffice, menyu zake kwa Kiswahili. Kazi kubwa, na sidhani imeshukuriwa vya kutosha. Lakini iliyozoeleka ni Word ya Kiingereza, kwa hiyo tahajia anailinda mchapaji mwenyewe.

Fedha anaiandika mara mbili: shilingi laki tatu tu (300,000/=). Sifuri moja ni rahisi kuongezwa kwa kalamu baadaye. "Laki tatu" haichezewi.

Kabla ya kuprinti, anausoma mkataba kwa sauti, mwenye shamba na anayekodi wakisikiliza. Mzee asiyejua kusoma anamkatiza: "Hapo mwanangu, taja mwembe. Mpaka unaishia kwenye mwembe." Enzi za taipu, ukurasa mzima ungechapwa upya, au mzee angeona haya kusumbua na mwembe ungeachwa. Sasa mchapaji anarudi kwenye mstari ule, mwembe unaingia, maneno mengine yanajisogeza, na zinatoka nakala tatu: ya mwenye shamba, ya aliyekodi na ya ofisi ya kijiji.