Fundi Saa wa Principe

Asubuhi ya tarehe 29 Mei 1919 mvua kubwa ilinyesha kwenye shamba la kakao la Sundy, kisiwani Principe katika Ghuba ya Guinea. Waingereza wawili, waliofika kisiwani tangu Aprili, walikuwa wakingoja jua lipatwe. Mmoja, Arthur Eddington, alikuwa mwanafalaki wa Cambridge, na jina lake limejaa vitabuni. Mwenzake, Edwin Cottingham, alikuwa fundi saa wa mji mdogo wa Thrapston. Mimi hupenda kumtazama huyu wa pili.

Kilichowaleta ni hesabu ya Einstein. Alidai kwamba mwanga wa nyota ukipita ukingoni mwa jua hupinda kwa sekunde 1.75 za pembe. Fizikia ya Newton ilitoa nusu tu ya kiasi hicho. Nyota zinazoangukia karibu na jua angani hazionekani mpaka mwezi ulifunike lote. Siku hiyo jua lilikuwa limesimama mbele ya Hyades, kundi la nyota jirani na Kilimia, na giza lingedumu sekunde 302.

Digrii moja ukiigawa mara 3,600, kila kipande ni sekunde moja ya pembe. Kwenye vioo vya picha vya darubini yao, kipande hicho kilikuwa sehemu moja ya sitini ya milimita. Kwa hiyo tofauti iliyotafutwa haikuzidi sehemu tatu za mia za milimita. Lakini dunia haitulii. Kioo kikiachwa wazi kwa sekunde 20, mzunguko wa dunia ungeiburura nyota karibu milimita tano nzima. Ili hizo sehemu tatu za mia zionekane, ilibidi kwanza milimita tano zifutwe, na kazi ya kuzifuta ilikuwa ya mtambo wa saa.

Darubini yenyewe ililazwa chini, haikusogea. Mbele yake kilisimama kioo cha kuakisi, kikigeuzwa na mtambo huo taratibu mno: mzunguko mmoja kwa saa 48. Ni nusu ya mwendo wa dunia, maana kioo kikigeuka kidogo, mwanga unaoakisiwa hugeuka maradufu. Meno ya gurudumu yakikwama kidogo tu, nyota inakuwa mkia. Mtu aliyezoea kusikiliza saa na kujua inapougua ndiye aliyefaa kulinda mwendo huo.

Mvua ilikatika adhuhuri, mawingu yakabaki. Giza lilipoingia, metronomu ikaanza kugonga sekunde. Eddington alibadilisha vioo vya picha. Cottingham aliulinda mtambo na kupima muda wa kila picha. Alifungua na kuziba mwanga kwa kipande cha kadibodi kisichogusana na darubini mahali popote, kwa sababu hata mguso wa kidole ungeitikisa. Picha 16, fupi za sekunde 2, ndefu za sekunde 20. Juu yao lilikuwa taji la jua, ambalo watu huvuka bahari kwenda kuliona. Eddington alisema baadaye kwamba aliinua macho mara mbili tu: kuhakikisha kupatwa kumeanza, na katikati, kuona wingu limezidi kiasi gani.

Huko Sobral, Brazili, wenzao waliopima kupatwa hukohuko walipata anga safi, lakini picha za darubini yao kubwa zilitoka na nyota zilizofifia ukingo. Joto la jua lilishukiwa kukipinda kioo cha kuakisi. Waliokolewa na darubini ndogo ya akiba, yenye lenzi ya inchi 4. Principe wingu liliwanyima nyota, lakini liliwakingia kioo joto.

Kisha ikaja subira nyingine. Walisafisha picha mbili kila usiku kwa usiku sita, na mchana Eddington akapima. Vioo vinne vya aina isiyostahimili maji ya joto vilifungwa na kurudishwa Uingereza vilivyo. Katika vyote 16, vilivyofaa kupimwa vilikuwa viwili, kila kimoja na nyota tano. Jibu: sekunde 1.61, na kosa linalokadiriwa kuwa 0.30. Tarehe 6 Novemba, London, lilitangazwa pamoja na la Sobral, na Einstein akawa maarufu duniani kote.

Picha za mwanzo karibu hazikuonyesha nyota. Zilikuwa na kitu kingine: mwali mkubwa wa moto uliochomoza ukingoni mwa jua, ukining'inia juu sana. Ulikuwepo muda wote wa giza, juu ya vichwa vya watu wawili walioinamia vioo na kadibodi. Walikuja kuuona usiku, ndani ya beseni la dawa, ukijitokeza polepole kwenye kioo ambacho mkono wa fundi haukukitikisa.